Kitabu cha pili ninacho, cha kwanza sina: nianze?

Msomaji mmoja wa Kigoma ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Mwanga, Kigoma. Riwaya za Kiswahili nimesoma tangu shule, za Kiingereza kidogo kidogo. Mwezi uliopita, kwenye lundo la vitabu vya mitumba, niliokota The Tombs of Atuan cha Ursula K. Le Guin kwa shilingi 3,000. Nilikipenda kwa sababu ni chembamba. Kufika nyumbani kaka yangu akaniambia hicho ni kitabu cha pili cha mfululizo unaoitwa Earthsea, na kwamba mfululizo wa fantasia ni kama ngazi, ukiruka kidato unaanguka. Cha kwanza nimekitafuta Kigoma nzima sijakipata. Sasa kitabu kipo chini ya kaunta wiki ya nne, nakitazama tu. Nianze au nisubiri? Na nikianza, baadaye nielekee wapi?"

Marahaba, binti yangu. Anza leo. Saa nane mchana wateja wakipungua, kitoe hapo chini ya kaunta ukifungue, na kaka yako mwambie Mwalimu wa Tabora ndiye aliyekuruhusu. Lawama nitazibeba mimi.

Sababu zangu ni ndefu kidogo, kwa hiyo zisome kwa awamu, kati ya mteja wa kutoa na mteja wa kuweka.

Tumpe kwanza kaka yako haki yake, maana hakusema upuuzi. Ipo mifululizo ambayo kwa kweli ni kitabu kimoja kilichopasuliwa kama gogo la mninga. The Lord of the Rings ya Tolkien ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mwenyewe aliiandika kama riwaya moja, wachapishaji wakaitoa kwa vipande vitatu kati ya mwaka 1954 na 1955. Ukikishika kile cha pili bila cha kwanza, ukurasa wa kwanza kabisa unamkuta mtu anapanda kilima mbio, anafuata nyayo za mwenzake. Huyo mwenzake ni nani, wametengana kwa nini, kuna hatari gani, hakuna anayegeuka kukueleza. Wala huwezi kumlaumu mwandishi, kwa sababu hapo hakuanza hadithi, alikuwa anaendelea nayo.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado nafundisha, nilipanda treni kutoka Tabora kuja huko kwenu na kitabu kinene cha fantasia, cha tano katika mfululizo wake, nilichoachiwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Kurasa mia saba na ushei. Nikajiambia safari ya usiku kucha itanitosha kukizoea. Tulipopita Urambo nilikuwa nimeshahesabu majina kumi na tisa, na wote wenye majina hayo walikuwa wanakasirikiana kwa mambo yaliyotokea vitabu vitatu nyuma. Kabla ya Kaliua nimekifunga. Usiku uliobaki nilimsikiliza mzee mmoja muuza asali aliyekaa mkabala nami, akisimulia kesi ya shamba la mdogo wake. Naye aliianzia katikati, tena katikati hasa, siku ya hukumu. Lakini yule mzee alijua kwamba mimi mdogo wake simjui. Kila jina alilolitaja alilifunga mkia: huyu ndiye yule aliyeoa Sikonge, huyu ndiye mwenye ng'ombe, huyu usimjali, alikuja kushuhudia tu. Nilishuka Kigoma asubuhi kesi nzima naijua.

Basi jibu langu lote limekaa hapo, kati ya kile kitabu na yule mzee. Namba iliyo juu ya jalada inakuambia kitabu kilitoka lini, au mchapishaji anataka ununue nini kwanza. Haikuambii kama kitabu kina mlango. La kuuliza ni hili: ndani ya kitabu chenyewe, yumo mtu ambaye naye ni mgeni, anayehitaji kuelezwa? Kama yumo, kaa kando yake, kila anachoelezwa utakisikia. Kama wote waliomo wanajuana tangu zamani, umeingia kikao cha ukoo usio wako.

Kitabu chako kina mgeni kama huyo, na ni mgeni wa ajabu, kwa sababu amekulia pale pale.

Kinaanza jioni, bondeni, chini ya mitufaha iliyokaribia kutoa maua. Mama anamwita binti yake mdogo arudi nyumbani. Mtoto anakimbia huko na huko majanini, haji. Baba yuko kwenye kona ya nyumba, anamuuliza mkewe kwa nini anauning'iniza moyo wake kwa mtoto huyu, hali mwezi ujao wanakuja kumchukua moja kwa moja. Ni kama kumzika tu yaishe. Ni kurasa mbili hivi, basi. Sasa niambie, hapo ulihitaji kitabu cha kwanza? Giza linaingia, mama anaita, kuna watu wanakuja kumchukua mtoto. Kuanzia Ujiji hadi hapa Ipuli nilipo, hakuna wa kutafsiriwa hilo.

Kisha wanamvua jina. Aliyeitwa Tenar anaitwa Arha, maana yake Aliyeliwa, na anafanywa kuhani mkuu wa nguvu za giza zisizotajwa kwa jina, mahali palipo jangwani, penye mawe ya makaburi na ukuta. Anakulia pale pamoja na wasichana wengine, makuhani wakali wa kike, na towashi mmoja mnene mwenye huruma. Chini ya mawe yale kuna ukumbi ambao ndani yake mwanga ni haramu, na kutoka ukumbini unaingia mzingile, njia nyingi zinazopindana hadi mtu anapotea. Ameujua mzingile ule kwa vidole, akipapasa kuta na kuhesabu matundu: la tatu kushoto, mbili za kulia ziache, geuka. Niseme kidogo kuhusu neno lenyewe. Kiswahili tunalo, mzingile, na Euphrase Kezilahabi alilitumia kuwa jina la riwaya yake fupi ya mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Nagona. Mbili hizo watu huzisoma kama pacha. Kwa uzoefu wangu wa darasani, aliyeanza na Mzingile na aliyeanza na Nagona hutoka wote wamechanganyikiwa sawasawa, na wote hurudi kusoma tena.

Turudi Atuan. Arha anaishi hivyo miaka na miaka. Halafu, sura ya tano kati ya kumi na mbili, anashuka kwenye ule ukumbi na kuona mwanga. Mahali ambapo tangu dunia iumbwe hapajawahi kuonekana hata cheche, kuna mwanga, na kwenye mwanga kuna mwanamume ameshika fimbo.

Mwanamume huyo ndiye Ged, mwenye mfululizo wake. Ndiye kitabu cha kwanza, A Wizard of Earthsea cha mwaka 1968, kilichomsimulia kuanzia utoto. Msomaji aliyepitia cha kwanza, akifika hapa, anashangilia: ahaa, Ged huyo! Papo hapo anahamia upande wake, na kuanzia dakika hiyo hana wasiwasi sana, maana anamjua kuwa mtu mwema na shujaa hafi hivi hivi. Wewe huna habari hizo. Unamwona kama anavyomwona Arha: mwizi, najisi, mtu wa rangi ya maji ya kunde mwenye makovu usoni, aliyeingia pasipoingiwa. Arha ana uwezo wa kumwacha afe kwa kiu humo gizani na sheria ya mahali pale inamtaka afanye hivyo. Utakaa nalo swali hilo bila wa kukunong'oneza jibu. Mimi nilianza na cha kwanza, nikalikosa, na sitalipata tena hata nikisoma mara kumi. Ndiyo maana nakuonea wivu kidogo.

Kwa kuwa nimetaja rangi, ujue pia kwamba katika visiwa vya Earthsea watu wengi ni weusi au maji ya kunde, na weupe ni hao Wakargi, watu wa kina Arha. Le Guin alifanya hivyo kwa makusudi. Mwaka 2004 ilipotengenezwa filamu ya televisheni kutokana na vitabu hivi na Ged akachezwa na kijana mweupe, mwandishi aliandika hadharani kulalamika. Kwa hiyo picha ya jaladani, kama toleo lako lina mtu mweupe mwenye fimbo, usiiamini.

Lakini kaka yako atasema: ukianza na cha pili utaharibiwa utamu wa cha kwanza. Hapa ndipo ninapotaka umsomee kwa sauti.

Aya ya kwanza kabisa ya kitabu cha kwanza inatangaza kwamba huyu Ged alikuja kuwa mkuu wa wachawi wote na mtu anayesema na majoka. Mwandishi mwenyewe ametoboa kabla hujageuza ukurasa. Hakuna msomaji wa kitabu kile anayekesha akijiuliza kama kijana atapona. Tunakesha tukijiuliza atalipa nini. Kwa hiyo wewe kumjua mapema kwamba aliishi hadi ukubwani hakukupunguzii kitu. Na sasa sikiliza upande wa pili. Aya ya mwisho ya kitabu hicho hicho cha kwanza inataja, kwa maneno machache tu, safari hii ya makaburi ya Atuan na jinsi ilivyokwisha. Sitakuambia ilivyokwisha. Ninachosema ni kwamba mtu anayefuata ngazi ya kaka yako, kidato kwa kidato, anaingia Atuan akiwa ameshanong'onezwa mwisho wake, na wewe uliyekiokota kwenye lundo la mitumba hujanong'onezwa.

Utakosa nini, basi? Kuna kitu utakosa, nisikudanganye. Hutajua yale makovu yalitoka wapi. Hutajua kwa nini mwanamume huyu ni mtulivu kiasi kile, hana majivuno, anaomba maji kwa adabu hata kwa mtu anayetaka kumuua. Kitabu cha kwanza ni cha Ged kijana, na Ged kijana alikuwa jeuri wa kupindukia, akafanya jambo la kijeuri likamgharimu. Wewe utamjua akiwa ameiva kabla ya kumjua akiwa mbichi. Ni kama ulivyomjua babu yako: mzee mpole, na siku moja mtu akatoa picha kabatini, babu huyo huyo kavaa suruali ya bugaluu, mguu mmoja juu ya baiskeli, macho ya kiburi. Kuna watu huipenda ile picha zaidi kwa sababu waliiona baadaye.

Kuna pia kitu kimoja kilichovunjika ambacho Ged anakifuata Atuan, na nusu yake aliipata kwa bibi kizee katika kitabu cha kwanza. Usihofu, anamsimulia Arha mwenyewe, kwa ukamilifu, kama yule mzee wangu wa treni. Deni limelipwa ndani ya kitabu.

Wewe uko Kigoma, nadhani picha hii itakufaa. Nilipanda Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, mara moja, kwenda Kipili. Usiku tulisimama karibu na Lagosa. Wakati ule gati halikuwapo, meli inakaa mbali na ufuko, mitumbwi ndiyo inayokuja. Taa za mkononi zinacheza juu ya maji, watu wanaitana majina, gunia linapita kichwani kwangu, kuku, mtoto amelala mgongoni mwa mama anayepanda kwa mkono mmoja. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza meli ilitoka wapi. Waliuliza wapi pa kukaa. Na meli yenyewe ina kitabu cha kwanza kirefu kuliko cha Earthsea: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapo Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina hili la Liemba. Waliopanda Lagosa walifika walikokwenda bila kujua hayo. Mimi niliyajua baadaye, nikatamani kuipanda tena.

Sasa kuhusu ufupi, maana umesema ndio uliokuvuta, na nahisi uliandika hivyo kwa aibu kidogo. Usione aibu. Cha kwako katika matoleo mengi hakifiki kurasa 200, na kitabu cha ukubwa huo hakina mahali pa kubeba madeni ya watu wengi. Mwandishi akibanwa hivyo humchukua mtu mmoja, mahali pamoja, jambo moja. Ndiyo maana mtu akiniuliza aingie vipi katika mfululizo mrefu uliomtisha, mara nyingi namtafutia kifupi cha katikati, na kile kinene cha kwanza namwambia akiache. Mfano ninaoutoa sana ni Penric's Demon ya Lois McMaster Bujold. Ni riwaya fupi ya mwaka 2015, katika ulimwengu ambao riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 2001. Kijana yuko njiani kwenda kuchumbia, anamkuta bibi mgonjwa kando ya barabara, anashuka kwenye farasi kumsaidia. Bibi anakata roho, na pepo aliyekuwa ndani ya bibi anamhamia kijana. Hajui lolote kuhusu mapepo, kwa hiyo kila mtu analazimika kumweleza, na pepo mwenyewe anamweleza, tena kwa maneno mengi. Ukimaliza hicho, zile riwaya nene zilizotangulia hazikutishi tena; unazifuata kwa sababu unataka.

Ila ufupi peke yake si cheti. The Slow Regard of Silent Things ya Patrick Rothfuss, ya mwaka 2014, ni fupi mno, nzuri mno kwa wanaoipenda, na mwandishi anaifungua dibaji yake kwa kumwambia msomaji kwamba huenda asitake kuinunua. Anasema kweli. Inamhusu binti mmoja anayeishi peke yake chini ya chuo, na utamu wake wote unategemea umemkuta kwanza katika vitabu vikubwa. Kwa mgeni ni siku saba za msichana anayepanga vyombo. Nimewahi kumpa mwanafunzi aliyependa vitabu vyembamba, kwa haraka zangu za kutosoma dibaji, na aliponirudishia hakusema neno, alikiweka tu mezani.

Na hizo namba za jaladani, tena. Vitabu vya Narnia vya C. S. Lewis vilianza kutoka mwaka 1950. Kile kilichotoka cha sita, mwaka 1955, kinasimulia asili ya ile nchi, kwa hiyo wachapishaji baadaye wakakipa namba moja. Watoto wengi leo wanaanza na kitabu kilichoandikwa kujibu maswali ambayo hawajawa nayo. Huku kwetu sisi hatukuwa na shida hiyo, kwa sababu tulisoma kilichopatikana. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla mimi nilimjua kwa Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, na Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960 nilikipata miaka miwili baadaye kikiwa hakina jalada. Si fantasia, ni upelelezi, lakini mpelelezi wake ni yule yule, na kiko chake cha tumbaku ni kile kile, na sikuumia. Ukirudi nyuma zaidi, Sungura. Nani aliwahi kumwambia bibi yake subiri, hiyo ya Sungura na Fisi ni ya ngapi, nianzie ya kwanza? Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea, na Sungura yupo tayari ameshakuwa mjanja.

Nikupe sasa namna ya kukisoma, maana kuanzia katikati kuna ustadi wake mdogo.

Kata kipande cha karatasi, kile cha risiti kinatosha, ukifanye alama ya ukurasa. Jina geni likija mara ya pili, liandike hapo. Mara ya kwanza usiandike, utachoka. Majina mengine hupita tu kama wasafiri wa stendi. Kama toleo lako lina ramani mbele, tazama Atuan iko wapi, upande wa mashariki, na kisiwa cha Havnor pale katikati, halafu uiache. Intaneti usiiguse kabisa. Ukiandika jina la Arha kwenye simu ili ujue ni nani, mstari wa kwanza utakaokuja utakuambia mambo ya kitabu cha nne. Simu yako iwe ya miamala tu mpaka umalize.

Utakutana sana na neno la Kiingereza ambalo kamusi itakuambia ni mchawi. Kwetu mchawi ni mtu mbaya, anaruka usiku na ungo. Ged siye huyo. Mchukulie kama fundi aliyesomea, mwenye elimu ya majina ya kweli ya vitu, kwa sababu katika ulimwengu ule ukilijua jina la kweli la kitu, umekishika. Wapo bibi zetu ambao hadi leo hawamtaji mkwe kwa jina lake. Hao wangekielewa kitabu hiki kabla ya sura ya pili. Ukishalishika hilo, utaona ukatili wa kumvua mtoto jina ni mkubwa kuliko ulivyoonekana pale mwanzo.

Sura ya pili hadi ya nne zitakujaribu. Mambo ni machache: ukuta, sala, wasichana wamekaa hawana la kufanya. Wengi hukiachia hapo wakisema kinakwenda polepole. Ni kweli kinakwenda polepole, kwa sababu maisha ya yule binti yanakwenda polepole, na bila uchovu ule mwanga wa sura ya tano ungekuwa taa tu. Sura ya tatu ina wafungwa. Ni nzito. Isome mchana.

Ukimaliza, rudi nyuma kwenye cha kwanza, A Wizard of Earthsea, halafu ruka mbele kwenye cha tatu, The Farthest Shore cha mwaka 1972. Baada ya hapo mwandishi alinyamaza kwa Earthsea miaka kumi na minane, akatoa Tehanu mwaka 1990. Hicho usikianze mapema hata kikikuangukia miguuni sokoni. Kinashika pale pale cha tatu kilipoachia, na kina mtu ambaye wewe, kwa kuanzia ulikoanzia, utamjali kuliko wasomaji waliofuata namba. Maneno ya nyuma ya jalada lake usiyasome. Mwaka 2001 vikatoka viwili: mkusanyiko wa hadithi, Tales from Earthsea, na riwaya ya mwisho, The Other Wind. Mkusanyiko uutangulize, kwa sababu hadithi yake ya mwisho, Dragonfly, ndiyo daraja kati ya Tehanu na hiyo riwaya. Le Guin mwenyewe ameliandika hilo kwenye dibaji. Hapa namba zinafanya kazi, mwambie kaka yako tumekubaliana naye kuanzia cha nne.

Na kuhusu cha kwanza kutopatikana Kigoma, kipo rafuni kwangu. Jalada limekatika na mchwa walishaonja kona ya juu, lakini maneno yote yamo. Ukifika sura ya kumi na mbili niandikie, uniambie tu ulidhani nini ulipouona ule mwanga mara ya kwanza, kisha nitakipa mtu wangu anayekuja huko kwa treni. Malipo ni dagaa, wakavu, wasio na mchanga. Kaka yako naye akikitaka, asubiri zamu yake.